Kwa Shabani, Mwenye Bado Iko Njia ya Banalia

Shabani wa Mama Asha, unanisikia?

Ni mimi, Kinywa. Usianze kucheka herufi yangu. Wewe njo ulinifundisha, na kama ziko nalala chini sawa walevi, kosa ni ya mwalimu. Masomo sikufanya, unajua. Darasa niliona toka inje tu, kwa dirisha. Neno ya kwanza nilisoma katika maisha yangu ilikuwa kwa ile karatasi ulinipa: "Wewe ni mwizi ya pirogi." Nilifurahi, nikakimbia mpaka kwa bibi yangu, nikamusomea kwa nguvu, avenue yote ikasikia. Toka ile siku majirani wanaingizaka ndoo yao ndani nikipita.

Bon. Sikukamata bic, hii kalamu, juu ya kucheka. Niko na taabu, Shabani. Taabu kubwa. Mama Zaina, bibi yako wa ndoa, alisema nifunge muchezo yetu. Kesho ni Jumapili. Anataka Ngambo ya Tatu iishe. Na mimi siwezi. Mimi Kinywa, mwenye nilidanganya mamba kule Yanonge mpaka akaniomba pole, siwezi. Juu ya hii: nikifunga, wewe utakuwa umekufa.

Niache kwanza nikukumbushe kila kitu, sijui kama kule wanakuacha na kumbukumbu.

Ulikuwa tolekiste, miguu kama waya, unabeba watu nyuma ya baiskeli toka huku kwetu Mangobo mpaka Kabondo, unapiga kengele sawa muji ni ya baba yako. Mimi nilikuwa fundi ya pirogi, ile mitumbwi ya muti, wa kwanza kwa muto yote, na mwenye kubisha akuye. Mangaribi nilikuwa nakaa kwa lupango, uwanja ya nyumba yangu, napigia watu hadisi. Wewe ulikuwa unaegemea baiskeli, unasikiliza na jicho moja, ingine imefungwa. Siku moja ukasema: "Kinywa, hadisi yako iko muzuri, lakini watu wanalala. Uwape kazi."

Kazi gani? Nilikasirika sana.

Ukasema: "Ule mwenye analala, umuambie yeye njo Chifu. Ule mwenye anacheka, yeye njo mwizi. Wasimame. Hadisi waitembee na miguu."

Sasa watu wanasema ni wewe uliwaza ile kitu. Uongo. Mimi njo niliwaza, wewe ulitangulia tu kusema. Usiamke kubisha. Lala.

Muto iko na ngambo mbili, hata mutoto anajua. Sisi tukaongeza ya tatu. Muji mwenye haiko kwa carte wala kwa ramani yoyote, inaanza kwa mulango ya lupango yangu, inaishia kwa choo. Jumapili watu walikuya, unafunga kitambaa nyekundu kwa mukono ya kila mutu, na kitambaa ikishafungwa, ule mwenye aliingia haiko tena. Amevaa mutu mwengine. Mama Bolamba, mwenye anauzisha kwanga ya mihogo na soko yote inaogopa matusi yake, alikuwa Chifu, anakata maneno pole pole kama shehe. Didier wa taxi-moto alikuwa polisi ya bandari, na bandari yenyewe ni beseni ya kufulia. Wewe uliwaandikia kila mutu karatasi yake: wewe ni nani, unataka nini, unaogopa nani. Mwisho hukuandika hata siku moja. "Mwisho ni ya kwao," ulikuwa unasema. Na mimi nilitembea katikati yao na kuleta habari. Maji imepanda! Mbuzi ya Chifu ilionekana kwa nyumba ya polisi! Habari njo ilikuwa kazi yangu. Bila habari yangu, karatasi yako ingekuwa ya kufungia karanga. Na bila karatasi yako, mimi ningekuwa muzee mwenye anasema peke yake. Sawa, nimesema. Usirudilie kwa watu kule.

Na sheria yako, eh! Hakuna kugusa mutu. Ukishinda adui, unamufungua kitambaa, amekufa, anaenda kukaa kwa benchi na kunywa chai. Na kama kuko jambo ya kweli, mutu anaumwa ama moto inawaka, unaweka mukono juu ya kichwa, unasema "Vrai-vrai", na muji yote inasimama. Lakini sheria yenye ulipenda kupita zote ilikuwa ya kufunga muchezo. Kila mutu anaitwa na jina yake ya kweli na jina ya mama yake. "Didier wa Mama Véro, rudia." Anajibu: "Niko hapa." Anafungua kitambaa. Mutu mumoja asipojibu, muchezo haifungwe, na kama aliondoka, tunamufuata kule iko.

Unakumbuka Didier ile siku alitoroka mbele ya muchezo kufungwa, juu ya njaa? Ukasimamisha watu wote. Tukatembea muji yote mpaka kwake Kabondo, Chifu mbele na kofia yake ya manyoya ya kuku, watu njiani wanauliza ni arusi ama matanga. Tukakuta anaoga. Ukaita kwa mulango ya bati: "Didier wa Mama Véro, rudia!" Akajibu na sabuni ndani ya kinywa: "Niko hapa, papa, mutanipotezea heshima!" Majirani walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ukarudia na uso ya mutu mwenye amemaliza kazi.

Na kisha wote kuitwa, tunabaki sisi wawili. Mimi naita wewe. Wewe unaita mimi. Sikukosa hata mara moja kujibu, na wewe hukukosa kuniita.

Bon.

Muchezo ya mara hii ulitaka iwe ndefu. Jumapili kwa Jumapili, bila kufunga, mpaka Chifu akule mavuno. Ulikuwa Bwana Chumvi, mufanya biashara mwenye anakopesha watu wote na anajifanya kusahau. Ile Jumapili ya mwisho nilikuona umekaa juu ya jiwe, jasho mingi, na jua haikukuwa. Nikakutania: "Bwana Chumvi, unayeyuka!" Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka. Kiisha ukasimama, hukuweka mukono juu ya kichwa, hukusema vrai-vrai, ukasema mbele ya Chifu: "Napeleka chumvi Banalia, kule muto ya Aruwimi. Nitarudia na samaki ya moshi." Ukakamata baiskeli, ukaisukuma mpaka kwako, ngambo ya uzio ya miti tu. Ukalala.

Hukurudia, Shabani. Ulisema utarudia.

Walikuzika haraka, sawa dini yenu inataka. Mimi mukristo nilisimama nyuma, viatu ndani ya mukono, sijui hata juu ya nini nilivitoa. Udongo ikaisha kuwekwa, watu wakaanza kuondoka. Shehe akabaki. Akachuchumaa karibu na kichwa yako na akaita, bila kupandisha sauti, sawa mutu mwenye anaita jirani: "Shabani, mwana wa Asha."

Na jina ya mama!

Mwizi wewe! Miaka yote niliambia watu ile ya kufunga niliota mimi ndani ya usingizi, na wewe ulikuwa unacheka tu bila kubisha. Kumbe uliitoa kwa kaburi, pengine kwa kaburi ya baba yako. Nikasogea mbele. Nilikuwa nangojea useme "Niko hapa". Sikuwa nacheza, Shabani. Niliinama kabisa, sikio chini, mpaka Didier alikuya kunikamata kwa bega.

Jumapili yenye ilifuata niliwaza hakuna mutu atakuya. Walikuya wote. Wamekaa, kitambaa kwa mukono. Chai inapoa. Kiisha Mama Bolamba akajiweka muzuri kwa kiti ya Chifu, akaniangalia na macho yenye kujaa maji, akauliza na sauti ya Chifu: "Muleta habari, mutu yetu ya chumvi alifika Banalia?"

Na kinywa yangu, unaijua, haingojeake mwenyewe.

Nikasema: "Alifika, Chifu. Anakusalimia."

Ungeona. Watu walipumua. Mama mumoja alipiga makofi. Alors nikaendelea, ningefanya nini? Nikasema baiskeli yako ilipasuka mupira kwa poto-poto, matope ya njia, ukaijaza na majani ya mihogo, ikatembea muzuri kupita mbele. Jumapili ingine nikasema bac ya kuvuka muto iko na foleni, na wewe umekuwa hakimu ya foleni, unaamua nani avuke. Ingine nikasema chifu ya kule amekupenda mpaka akakupa bibi, mwanamuke munene, anajua kupika pondu, mboga ya majani ya mihogo, kupita Mama Zaina. Watu walikufa na kicheko. Shabani, katika maisha yangu sijapiga hadisi muzuri vile. Kila habari yako ilikuwa tamu. Mama Bolamba alianza kukuwekea kwanga, ati ukirudia usikute njaa. Didier anaandika kwa groupe ya WhatsApp ya muchezo: "Bwana Chumvi, njia iko namna gani?" kwa numéro yako, na hakuna mutu alikutoa mule. Hata mimi, mangaribi, nilikuwa naangalia upande ya njia. Mimi mwenye natengeneza uongo! Nilikuwa naangalia njia.

Na hapa upande ingine ya uzio, Mama Zaina iko ndani ya eda, hatoki inje, anasikia yote.

Jumapili iliyopita nilikuwa katikati ya habari. Nilikuwa nasema umeanza kurudia, umefunga samaki nyuma ya baiskeli, umebakiza kidogo tu. Mulango ya nyumba yako ikafunguka. Akasimama pale kwa kizingiti, ndani ya nguo yake nyeupe ya ujane, hana kitambaa kwa mukono. Akaweka mukono juu ya kichwa.

"Vrai-vrai," akasema.

Muji yote ikasimama, sawa sheria.

"Vrai-vrai, bwana yangu alikufa."

Na mimi, Shabani, unajua nilisema nini? Nilisema: "Mama, tumepata habari, iko karibu, ni mvua tu..." Sikuweza kutoka. Niliona mukono yake juu ya kichwa, niliijua maana yake kupita mutu yeyote, na kinywa ikaendelea peke yake. Mvua. Poto-poto. Samaki.

Hakukasirika. Ningependa akasirike. Akasema: "Kinywa, shemeji yangu, ngoja. Mimi nilimufunga macho na hii vidole. Na jana nilisikia kengele ya baiskeli kwa njia, nikatoa sahani yake. Niliweka chakula ndani, Kinywa. Nikafunika. Ilikuwa tolekiste mwengine anapita." Akaninyooshea kidole. "Munaniua polepole. Ufunge muchezo. Na ile bibi ya Banalia mwenye anajua pondu, umuondoe leo leo, la sivyo nitavunja eda nikuye kumupiga."

Watu walitaka kucheka na kulia, ikatoka sauti mubaya, sijawahi kusikia ingine sawa ile.

Nikajaribu. Nakuapia, nilijaribu pale pale. Nikasimama mbele yao, nikaanza kuita. "Bolamba wa Mama Eyenga, rudia." "Niko hapa." Nikaita wengine. Iliendelea muzuri. Nikafika kwa jina yako. Nikasema "Sha..." na sauti ikakatika sawa umeme ya kwetu. Nikasimama nimefungua kinywa, kitu haitoke. Mimi! Nikaingia ndani ya nyumba, nikafunga mulango. Niliwasikia wanangojea, kiisha wanaondoka moja moja.

Na juu muchezo haikufungwa, wale wenye waliitwa na wale wenye hawakuitwa, wote walirudisha kitambaa kwa mukono. Juma yote hii ukipita soko, Mama Bolamba anauzisha kwanga na kitambaa nyekundu. Didier anabeba watu, kitambaa inapepea. Muji yote iko ndani ya hadisi yangu na mulango ya kutokea mimi njo nimeikalia. Wateja wanauliza Mama Bolamba: "Ni ya kanisa gani?" Anawatukana.

Nifanye nini, Shabani? Uniambie. Wewe uliandikia kila mutu karatasi yake, wewe ni nani, unataka nini, unaogopa nani. Mimi ulinipa tu ile ya mwizi ya pirogi. Ya leo sina. Nakaa hapa chini, naangalia baiskeli yako ngambo ya miti, imeegemea ukuta, mupira imelegea. Jana nilipitisha mukono katikati ya miti nikapiga kengele. Mara moja tu. Kiisha nikakumbuka Mama Zaina na sahani yake, nikaikamata na vidole vyote ili inyamaze. Nilikaa pale nimeikamata, muzee muzima, naomba kengele pole.

Kama maneno ya kinywa ingekuwa inanunua roho, ningekutoa huko. Ningedanganya ule malaika wa mulangoni mpaka akubebee mizigo. Nilijaribu. Kila Jumapili nilijaribu mbele ya watu wote. Na kila Jumapili kuisha, watu walirudia kwao na furaha, na mimi nilibaki napanga viti, na kiti yako sikuipanga, niliiacha vile iko.

Ijumaa nilienda kuona shehe. Usicheke. Nilivaa shati ya arusi. Nikamuuliza: pale kwa kaburi, ulimuita Shabani na jina ya mama yake. Alijibu? Akasema: "Mimi naita, papa. Kujibu ni kazi yake, na sikio yetu haiko ya kusikia ile." Nikamuambia sheria ya muchezo yetu: mutu asipojibu, tunamufuata kule iko. Niliwaza atanifukuza. Akauliza tutakuwa wangapi. Nikasema muji yote. Akasema: "Mukuye pole pole, bila ngoma, na ule mwenye kofia ya manyoya ya kuku aitoe kwa mulango ya makaburi."

Donc sasa sikia, juu hii njo habari ya mwisho naleta, na haiko na uongo ndani.

Kesho nitaita wote. Nitafika kwa jina yako. Nitaita. Utanyamaza. Tutangojea, watu wataangalia miguu yao. Kiisha tutatoka kwa lupango, Chifu mbele, polisi ya bandari nyuma, na sisi wote katikati, tutatembea tukufuate sawa tulimufuata Didier na sabuni yake. Watu njiani watauliza ni arusi ama matanga, na mara hii tutajua kujibu. Kule nitachuchumaa pale shehe alichuchumaa. Nitakuita mara moja. "Shabani wa Mama Asha, rudia." Na kama hujibu, Shabani, nitafungua kitambaa yako. Niko nayo, Mama Zaina alinipa, toka siku walikuzika iko kwa mukono yangu juu ya yangu. Nitaifungua na nitaiacha pale. Ulikuwa umeshaitwa na shehe, siku ile ya kukuzika, na sauti muzuri kupita yangu. Mimi njo sikukubali kusikia. Miaka mingi nilijisifu hakuna mutu aliweza kuninyamazisha. Umenishinda. Wapendwa yako wenye walikutangulia kule wakuimbie.

Kubaki jambo moja, na hii njo inaniogopesha kupita zote. Kisha wewe kuitwa, ni zamu yangu, na mwenye kuniita alikuwa wewe. Toka uende hakuna mutu alinirudisha. Niko mule ndani ya muchezo, Shabani, niko mule mpaka leo, naleta habari kwa watu wenye hawaulize. Asubuhi ya leo nikaenda kwa uzio ya miti, nikaita Mama Zaina. Nikamuambia: "Mama, tukitoka kaburini nitapita hapa. Wewe njo utaniita." Nikasikia anaweka sahani chini. Nikawaza amekataa. Kiisha akauliza toka ndani: "Jina ya mama yako ilikuwa nani? Miaka yote tunakuita Kinywa tu."

Nikamuambia. Ilinichukua wakati kuitamka.

Lala muzuri, miguu ya waya. Banalia tumekufungulia njia, usirudie tena na samaki, uikule wewe mwenyewe kule uko. Mimi nakuahidi kitu kimoja tu, mudogo, na wewe unajua namna ni ngumu kwangu: kesho bibi yako akiita jina yangu ya kweli juu ya ile miti, sitaleta habari, sitatafuta mvua wala poto-poto. Nitafungua kitambaa yangu na nitajibu.

Lokwa wa Mama Bolumbu.
Niko hapa.